Mafungo ya Kimya katika Inchi ya India

Tukisikia neno «mafungo», tunamkumbuka mara Mtakatifu Inyasi. Lakini katika India watu walijitenga pamoja kwa kimya karne kadhaa mbele ya Kristu kuzaliwa. Wafuasi wa Buddha walikuwa wakitembea kijiji kwa kijiji wakiomba chakula; mvua ikianza, walikaa mahali pamoja miezi mitatu, wasikanyage mimea ya watu wala vidudu. Hivi, kwa sababu ya shamba la mtu na tope la njia, vibanda vyao vikawa monasteri.

Siku hizi walei ndio wengi. Mwaka 1969 Goenka, mfanyabiashara aliyezaliwa Burma, aliongoza mafungo ya siku 10 mjini Bombay, kwa watu wa dini zote. Mwaka 1994 zaidi ya wafungwa 1000 waliyafanya pamoja katika gereza la Tihar, Delhi.

Na Wakristu je? Mwaka 1950 Padri Monchanin na Mbenedikto Le Saux walianza Shantivanam, karibu na mto Kaveri. Mjezuiti Anthony de Mello, mzaliwa wa Bombay, alifundisha watu kusali wakiangalia pumzi yao. Alikufa mwaka 1987, na mwaka 1998 Roma ikaonya juu ya maandiko yake. Onyo hilo si la bure. Mbudha anaitazama pumzi, basi. Sisi tunamngojea Mmoja anayesema. Walakini Roma yenyewe, katika barua ya mwaka 1989, haikukataza mwili kusaidia sala: ilikataza kudhani utulivu wa mwili ndio sala.