Waandishi Waliotafutana: Habari za Skripti Kasulu na Kibondo

Mwaka huu wa 2026 kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoko Makere katika wilaya ya Kasulu, inatimiza miaka 30 tangu ilipofunguliwa kuwapokea watu wa Kongo waliokimbia vita. Na kwa kuwa habari za kurejea makwao wageni wetu, hususan Warundi wa Nyarugusu na wa Nduta kule Kibondo, zimejaa vinywani mwa watu, kila mwenye kalamu ameanza kufunga hesabu yake, huyu akihesabu miti iliyokatwa, yule visima vilivyochimbwa, mwingine zahanati na madarasa yatakayobaki. Katika hesabu hizo zote sijaona hata moja iliyotaja kazi ya fasihi, ilhali katika nyanda hizi za Buha, nchi ya Waha, ndani ya nyumba za udongo na mahema, watu wasiokuwa na chuo wala ujira wa maana walikaa pamoja wakifundishana namna ya kuandika senema, tena wakatafutana, mwenye kisa akimtafuta mwenye ujuzi wa kamera, na mwenye kamera akimtafuta yeyote mwenye neno la kusema mbele yake.

Katika kuyaandika haya nimeegemea maandishi mawili ya wanazuoni: makala ya Rosaleen Smyth juu ya senema za Tanzania, iliyochapishwa mwaka 1989 katika jarida la African Affairs, na utafiti wa Everett Rogers, Peter Vaughan, Ramadhan Swalehe na wenzao juu ya mchezo mmoja wa redio, uliotolewa mwaka 1999. Msomaji basi asistaajabu akiniona napita mbio walipopita mbio wao, na kutua mzigo pale walipotua.

Mwanzo wa mambo unajulikana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walipiga senema 35 huko Vugiri katika milima ya Usambara, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na moja katika hizo ilimwonyesha mtu aliyefukia akiba yake ardhini ikaibwa, na mwenzake aliyeiweka Posta ikasalimika. Baada yao akavuma William Sellers, wa idara ya senema za makoloni ya Uingereza, ambaye itikadi yake ilikuwa kwamba mtazamaji wa Kiafrika hamudu kufuata picha ziendazo kasi, kwa hiyo mwandishi na aandike polepole, jambo moja baada ya jingine, kana kwamba watu waliolelewa kwa hekaya za Abunuwasi na hila za sungura hawajapata kukutana na kisa chenye vichochoro. Miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa nyota wa Muhogo Mchungu, senema iliyopigwa na kampuni ya Johannesburg. Mwaka 1968 Serikali ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania. Na katikati ya miaka ya 1970 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, ya kuwasifia watu maisha ya vijiji vya ujamaa, wakati ambapo watu wa mkoa wetu huu wa Kigoma walikwisha kuyaonja maisha hayo kwa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, iliyowafikia kabla ya mikoa mingi. Katika hatua zote hizo funzo lilitangulia kisa: mkubwa wa ofisini alikwisha jua la kufundishwa, ndipo akatafutwa mtu wa kulivika maneno.

Mwezi Julai mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo uitwao Twende na Wakati, nusu saa mara mbili kwa juma, na hapa ndipo wanazuoni wangu walipotua mzigo. Wasikilizaji walikuwa wamekwisha zoea michezo ya redio, na asiyewajua Pwagu na Pwaguzi hakuwa mtu wa nchi hii. Lakini mchezo huu mpya ulikuja na kanuni za utungaji zilizotoka mbali, kwa Miguel Sabido wa Mexico, mtunzi wa tamthilia za televisheni za miaka ya 1970, ambazo Kenya ilikwisha zijaribu mwaka 1987 katika Ushikwapo Shikamana. Kanuni zenyewe hazina uchawi. Kwanza watafiti huenda kwa watu wakauliza wanavyoishi na wanavyoogopa, ndipo waandishi hukalishwa pamoja, wakapewa majibu hayo, wakatakiwa kutunga watu wa namna tatu: mwema ambaye mambo yake humnyokea, mwovu ambaye maovu yake humrudia, na wa tatu asiye huku wala huko, mwenye kusitasita, ambaye msikilizaji huingia moyoni mwake akasita pamoja naye. Huyo wa tatu ndiye roho ya kazi yote, na mwandishi mchanga aghalabu humsahau, kwa kuwa mwema na mwovu huandikika upesi.

Mwovu wa Twende na Wakati alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na vimada njiani, ambaye hatima yake ilikuwa UKIMWI. Waandishi hawakumfanya mwovu wa kuchukiza tangu neno la kwanza. Walimpa ulimi, wakampa ucheshi, wakamwachia barabara yote, hata jina lake likatoka redioni likaingia mitaani, mtu akawa anamwonya mwenzake asiwe Mkwaju. Mkewe, Tunu, ndiye aliyesitasita miezi na miezi, akavumilia, akarudi nyuma, akavumilia tena, mpaka alipomwacha mumewe akajitegemea kwa biashara ndogo. Mwandishi wa hotuba angemwondoa Tunu katika nyumba ile siku ya pili. Kumweka humo muda wote huo, huku wasikilizaji wakiuma meno kwa hasira na kuandika barua, ni fani, na fani hiyo haikuwa ya mtu mmoja: ilikuwa ya kundi lililosomeana kurasa, likakosoana, likaandika upya.

Sasa ukatokea mkasa ambao mimi, falau ningekuwa mtu wa Dodoma, nisingeusamehe. Ili wapate kujua kwa yakini kama mchezo unabadilisha watu au watu wanabadilika wenyewe, watafiti walipatana na redio kwamba kituo cha Dodoma kisiurushe. Sehemu nyingine za bara zikawa zinamsikiliza Mkwaju, na Dodoma, makao makuu yaliyoahidiwa tangu mwaka 1973, ikapewa vipindi vingine kutoka mwaka 1993 hadi 1995, ndipo nayo ikafunguliwa mlango. Matokeo yaliwafurahisha wanazuoni: matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kwa wasikilizaji kuliko Dodoma, na Dodoma ilipoanza kusikiliza nayo ikapanda. Mimi sina ugomvi na hesabu zao. Ugomvi wangu ni kwamba katika kurasa zote walizoandika wao na waliowafuata, mchezo hupimwa kwa dawa ya uzazi iliyotumika na mipira iliyonunuliwa, wala hapana apimaye utamu wa mazungumzo, wala apendaye kujua ni katika ubishi gani wa waandishi alipozaliwa yule Mkwaju. Watu wa Dodoma walinyimwa mafunzo miaka miwili, ndivyo ilivyoandikwa. Kwamba walinyimwa pia kisa kitamu, hilo halikuhesabiwa kuwa hasara.

Mwaka ule ule wa 1993, mwezi Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na Warundi wakamiminika Kibondo, Kasulu na Ngara. Malori ya chakula cha misaada yakafuata, na pamoja nayo madereva, hata akina Mkwaju, waliokuwa sauti tu redioni, wakaonekana kwa macho njiani. Mwaka 1995 mapadri Wajesuiti, kwa shirika lao la kuhudumia wakimbizi, wakafungua Radio Kwizera huko Ngara. Mwaka huo huo ikaanzishwa Studio Ijambo mjini Bujumbura. Na mwaka 1997 studio hiyo ikaanza kutoa mchezo wa Kirundi wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu, uliohusu familia mbili, ya Kihutu na ya Kitutsi, zilizoishi ubavu kwa ubavu. Mimi namwona mama huyu kuwa mwalimu mkubwa wa maandishi ya mazungumzo katika Maziwa Makuu, tena aliyeandika wakati ambapo katika nchi yake neno moja la kizembe liliweza kuua. Kwa kuwa Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani, na mawimbi ya redio hayaulizwi pasi mpakani, mtu wa Kibondo mwenye betri alikuwa na madarasa mawili ya utungaji juu ya rafu moja, la Dar es Salaam kwa Kiswahili na la Bujumbura kwa lugha ya mamaye.

Hapo ndipo ilipokuja kamera. Shirika la FilmAid, lililoundwa mwaka 1999 na watayarishaji wa senema wa New York wakati wa vita vya Kosovo, na lililofika Kakuma, Kenya, mwaka 2001, liliingia pia katika kambi za Kibondo na Kasulu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi wanakumbuka kitambaa cheupe kilichotundikwa juu ya gari na umati uliokaa chini usiku. Wachache mno wanakumbuka lile lililokuwa bora zaidi, nalo ni mafunzo ya kuwawezesha wakimbizi kupiga senema zao wenyewe. Utaratibu wake ulikuwa hivi: vijana wa kike na wa kiume hukaa duara, wakachagua jambo linalowasumbua, kama vile mabinti kuozwa mapema, kupigwa kwa wanawake, au hofu ya kurudi kwao, kila mmoja akalisimulia kwa kisa, kundi likachambua nani anataka nini na ni nani anayemzuia, kisa kikakatwa sini kwa sini, ndipo kamera ikashikwa kwa zamu. Ikiisha kuhaririwa, senema huonyeshwa kwa wale wale waliosimuliwa ndani yake, nao huulizwa, na kama ilivyo desturi ya watu wetu hawasubiri kuulizwa.

Ajuaye kambi atafahamu ugumu wa kupata wenzi katika kazi hiyo. Mrundi mwenye kisa cha Kirundi alihitaji mtu wa kumnyoshea Kiswahili ili Mkongo akielewe. Mkongo aliyekulia Uvira au Fizi alikuwa na Kiswahili chake, chenye Kifaransa ndani, ambacho Mha wa Makere alikicheka kwanza ndipo akakizoea. Skripti iliyotoka katika duara la namna hiyo ilikuwa mahuluti kwa lazima, na kwa maoni yangu umahuluti huo ulikuwa pambo lake. Tena kwa mara ya kwanza tangu Vugiri waliokusudiwa kufundishwa ndio walioshika kalamu. Sikatai kwamba wafadhili walikuwa na yao waliyoyataka, maana mwenye gari na jenereta hakosi neno. Lakini mtu akisimulia kisa cha dada yake mbele ya majirani wanaomjua dada huyo, ni muhali ofisi ya mbali kumwandikia mwisho.

Hayo yalipokuwa yakitendeka Kibondo, Dar es Salaam ilikuwa imeanza pirikapirika za Bongo Movie, ambayo wachezaji wake wengi walitoka katika vikundi vya televisheni kama Kaole, wenye kipaji cha kuzungumza bila kuandikiwa. Mwenye stori aliwasimulia wenzake, wakakubaliana, wakapiga. Na kanda ikatoka sehemu ya kwanza na ya pili hata kama kisa kilitosha sehemu moja. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilitaka muswada upelekwe kabla ya kibali, na ni ajabu kidogo kuona sheria ikidai karatasi ambayo watendaji wengi hawakuwa na desturi ya kuiandika. Aliyetaka kusoma uandishi kwa nidhamu aliweza kuomba nafasi Kampala, ambako Mira Nair alianza mwaka 2005 mafunzo yaitwayo Maisha kwa waandishi na waongozaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, na mabingwa wakawasomea vijana kurasa zao mstari kwa mstari. Kutoka Kasulu hadi Kampala si safari ya mtu asiye na nauli, na mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali.

Yaliyobaki ni mafupi. Warundi wakaanza kurejea, kambi za Kibondo zikafungwa moja baada ya nyingine, na kambi ya Mtabila ya Kasulu ikafungwa Desemba 2012. Mwaka 2015 vurugu za Burundi zikawarudisha maelfu. Nduta ikafunguliwa tena Oktoba mwaka huo, na Mtendeli, iliyo sasa katika wilaya ya Kakonko, Januari 2016, nayo ikafungwa tena mwishoni mwa 2021. Simu za mkononi zikaleta kamera kwa kila kijana, na kitambaa cheupe kikakosa kazi.

Vitabu na makala za senema yetu nilizozisoma huruka kutoka Kampuni ya Filamu hadi Bongo Movie kana kwamba katikati hapakuwa na kitu, na maofisa wa utamaduni wa mkoa, ambao huzitafuta ngoma za kale za Buha kwa bidii inayostahili sifa, sijawasikia wakiuliza miswada ya kambini, nadhani kwa sababu iliandikwa na wageni. Hoja hiyo haina insafu: waliandika katika ardhi ya Kasulu na Kibondo, kazi zao zikaonyeshwa watu wa Kasulu na Kibondo na kukosolewa nao, na Kiswahili walichoandikia ni chetu sote. Kama yupo atakayetaka kuzikusanya skripti hizo, asianzie Makere, kwa sababu wengi wa waliozitunga hawako tena huko: wengine wako Bujumbura na Ruyigi, wengine wamerudi Uvira, na maelfu ya Wakongo wa Nyarugusu wamekwisha chukuliwa na ndege kwenda kuishi Marekani, na huenda baadhi yao walifunga madaftari yao ndani ya mizigo.