Nukta Moja Ndani ya Pete ya Bibi

Pete ya bibi yangu mzaa mama ilikaa miaka mingi ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na vifungo, sindano na funguo ambazo hakuna aliyejua ni za milango ipi. Ni pete ya fedha, nyembamba, imelika upande mmoja. Ndani yake, upande unaogusa ngozi, kuna michoro. Sisi wajukuu wa Temeke, tuliofundishwa a, e, i, o, u shuleni, tulikua tukiamini ni majani tu, nakshi ya sonara.

Mwaka jana mpwa wangu alipoposwa, mama aliitoa pete kwenye kopo akaniambia nikaisafishe apewe bibi harusi. Kabla ya kufika kwa fundi nilimwonyesha jirani yetu, mwalimu wa madrasa, kwa sababu ana kioo cha kukuzia maandishi. Akaigeuzageuza juani, akacheka. "Haya siyo majani, mwanangu. Hili ni jina."

Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Akasoma: Mwana. Kisha herufi moja zaidi, halafu pamelika, hapasomeki tena. Kesi ni ile herufi moja. Kama haina nukta juu yake, ni ile inayoanza jina Hawa, na bibi alikuwa Mwanahawa. Kama ina nukta, ni ile inayoanza Khamisi, na bibi alikuwa Mwanahamisi. Na juu ya hiyo herufi kuna kidoa. Inaweza kuwa nukta. Inaweza pia kuwa kovu la miaka ya kufua, kutwanga na kusugua masufuria.

Utauliza, hivi familia gani haijui jina la bibi yao? Jibu ni kwamba zipo nyingi kuliko unavyodhani. Bibi aliletwa mjini kutoka Rufiji akiwa mwali. Alipojifungua akawa Mama Saidi, alipozeeka akawa Bibi Saidi, na babu naye alimwita Mama Saidi mpaka siku ya mwisho. Kwenye kadi ya kupigia kura aliandikwa "Mwana Saidi", karani alivyoona inafaa. Kaburi lake halina maandishi. Kwa hiyo mahali pekee ambapo jina lake mwenyewe liliwahi kuandikwa sawasawa ni pale ndani ya pete, na tulidhani ni majani.

Nilifika kwa fundi. Kijana mchapakazi, mashine yake mpya, ubao nje unatangaza majina kwenye pete, cheni na bangili. Akaipima pete kwa macho. "Hii naipiga polishi, halafu naiandika upya kwa leza. Dakika tano tu." Nikamuuliza ataandika nini. "Wewe niambie, braza. Mimi naandika unachotaka." Hakukosea. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini polishi ingefuta kile kidoa, na kidoa ndicho swali lenyewe. Nikairudisha pete mfukoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya majina kwenye metali katika pwani yetu: nani aliandikwa, na nani aliandika.

Wa kwanza kuandikwa walikuwa masultani. Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, na wapenzi wa ushairi wanapaswa kuzijua. Upande mmoja umebeba jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zina vina. Yaani ukiigeuza sarafu kiganjani unamaliza ubeti. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale waliibua hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za mtindo huohuo wa vina. Na mwaka 1944 sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Jina la mtu wa Kilwa lilivuka bahari nzima likiwa limeandikwa kwenye kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Sasa fikiria aliyechonga muhuri wa kupigia sarafu hizo. Muhuri huchongwa kinyume, kulia kuwe kushoto, ili chapa itoke sawa. Mtu huyo alijua kuandika, alijua kuandika kinyumenyume, na alijua kupanga vina mahali pasipotosha punje chache za mchele. Jina lake halipo popote.

Ruka miaka mia kadhaa, njoo Tabora mwaka 1916. Wajerumani wamezingirwa, manowari za Waingereza zimefunga bahari, na fedha za kulipia vita zimewaishia. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakaipeleka kwenye karakana ya reli, na hapo, kwa mashine zisizokusudiwa kazi hiyo, wakapiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa dola ya Kijerumani. Upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, na herufi T ndogo ya Tabora. Leo watoza sarafu wa Ulaya na Marekani wanaigombania. Vitabu vya sarafu vinaeleza kwamba mihuri yake ilichongwa na sonara Msinhala, mmoja wa wale waliotoka Ceylon, Sri Lanka ya leo, kufanya kazi katika miji yetu. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha hekalu la Wabudha lililoko Upanga. Ukikutana na sarafu hiyo utaona jina la koloni, thamani, mwaka na alama ya mji. Jina la aliyemchonga tembo hulioni.

Vita hivyohivyo vilileta aina nyingine ya kuandika kwenye metali. Jeshi la Waingereza halikuwa na malori ya kutosha wala barabara za kuyapitisha. Likakusanya wapagazi, wengine kwa ujira, wengi kwa kukamatwa, wakabebeshwa chakula na risasi vichwani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ili kuwahesabu, kuwalipa na kujua nani amekufa, kila mpagazi alisajiliwa akapewa kisahani cha metali chenye namba, cha kuvaa mwilini. Waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Dar es Salaam ilipotekwa mwaka 1916, kikosi kiliweka kambi kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Midomo ya wenyeji ikalilainisha jina la Carrier Corps likawa Kariakoo.

Basi kila ninapokwenda Kariakoo kutafuta kalamu za kuchorea shaba, na kuona wasichana wakichagua cheni za kuandikwa majina yao, nakumbuka kwamba mtaa huu una jina la watu waliovishwa kidani kisicho na jina.

Tembea kutoka hapo hadi makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe. Sanamu ya Askari ya shaba nyeusi imesimama pale tangu 1927. Maandishi yake yako kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa hati za Kilatini na za Kiarabu. Yanawataja askari, yanawataja wapagazi kama mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nimelizunguka jiwe lile lote. Hakuna jina hata moja. Wanao watalikumbuka vipi wakati hamkuliandika?

Nilirudi nyumbani Temeke nikiwa nimeamua kujifunza kuchonga mwenyewe. Sikutaka kumpora fundi riziki. Nilitaka kujua mkono ulioandika Mwana ulifanya nini. Nikanunua vipande vya shaba kwa wauza vyuma chakavu wa Tandika, nikakaa kwenye baraza.

Njia ya kwanza ni ya kukwaruza: sindano ngumu ya chuma unaikokota kama kalamu. Ni rahisi, lakini mkwaruzo haukati shaba, unaisukuma pembeni tu, na baada ya miaka michache ya kuvaliwa jina linapotea. Njia ya pili ni mihuri ya herufi: vijiti vya chuma kigumu, kila kimoja na herufi yake, unagonga kwa nyundo. Kwenye bangili pana inapendeza. Kwenye pete nyembamba inapinda kila kitu. Herufi zangu zilicheza kama abiria wa daladala, kila moja imeegemea upande wake.

Njia ya tatu ni ya vijana wa mtandaoni, na inafaa jikoni kama uko makini. Unapaka kutexi kwenye shaba, inakauka, unaandika jina kwa sindano mpaka shaba ionekane. Betri ya volti 9: waya wa chanya unagusa kipande chako, waya wa hasi unafungwa kwenye pamba iliyolowa maji ya chumvi. Ukipitisha pamba juu ya maandishi, umeme unaila shaba pale tu palipo wazi. Fungua madirisha, kaa mbali na chakula, na usijaribu kwa chuma cha pua, maana mchanganyiko wake na chumvi una sumu. Jina langu lilitoka vizuri, ila kingo zake zilikuwa laini, kama wino uliosambaa kwenye karatasi ya daftari la bei rahisi.

Leza ni njia ya nne, na mashine ndogo za nyumbani siku hizi zipo. Lakini zile za bei nafuu hushindwa na fedha na dhahabu tupu, kwa kuwa metali hizo huurudisha mwanga badala ya kuunywa.

Njia ya tano ndiyo ya masonara wa zamani: tindo ndogo yenye ncha iliyonolewa, mpini wake umekaa kiganjani. Kitu unakishikiza kwenye ulimbo uliopashwa moto na kuchanganywa na vumbi la tofali, ukipoa hakichezi. Hugongi. Unasukuma, na mkono mwingine ndio unaogeuza kazi. Tindo hunyanyua uzi mwembamba wa metali na kuacha mfereji wenye kingo kali. Niliharibu vipande vinne. Kwenye cha tano nilipata mstari mmoja uliopinda nilivyotaka, na kidole kimoja chenye bandeji.

Ndipo nikaitazama tena pete kwa kioo cha mwalimu. Mifereji ya Mwana ina kingo kali. Ni tindo. Mama alisikia kwamba pete ilifuliwa kutoka shilingi ya simba, zile za Afrika Mashariki zilizokuwa na robo ya fedha kuanzia 1921 hadi 1946. Inawezekana, maana rangi yake ina umanjano ambao fedha safi haina. Kuhusu kidoa, nilichoweza kuona ni hiki: nukta ya tindo huwa na umbo la punje, ncha imeingia na kutoka. Kovu huwa refu. Kidoa cha bibi si punje kamili wala si mkwaruzo kamili. Niliangalia asubuhi nikaona nukta. Niliangalia jioni sikuiona.

Tukamwendea mdogo wake bibi, ambaye bado yupo Mbagala, macho yamefifia lakini kumbukumbu ipo. Shikamoo zikaisha, chai ikanywewa, nikamuuliza. Akanyamaza kidogo. "Sisi nyumbani tulimwita Mwana. Hilo refu lake labda baba alilijua." Nikamuuliza kama ni Hawa au Hamisi. Akaniangalia kama mtoto mkorofi. "Nimeshakwambia, baba."

Nyumbani kikao cha familia kikagawanyika. Mjomba Saidi alitaka Mwanahamisi, kwa sababu alizaliwa na mtu wa Alhamisi, anavyodai. Mama mdogo alitaka Mwanahawa. Mmoja akapendekeza pete ipigwe polishi iandikwe upya, tumalize. Nikawaeleza habari za sarafu na visahani, labda kwa urefu kuliko walivyotaka. Mama ndiye aliyefunga mjadala. "Pete isiguswe. Atapewa hivyohivyo. Na wewe uliyejifunza, mchongee bangili."

Nikamuuliza niandike nini.

"Andika Mwana. Hapo hakuna ubishi. Halafu andika na jina lake yeye bibi harusi, lote, mpaka mwisho. Na uyachimbe sana."

Ilinichukua jumapili tatu. Hati ya Kiarabu upande mmoja, kwa msaada wa mwalimu, na ya Kilatini upande wa pili. Mkono wangu si wa sonara, na kuna herufi moja imeteleza. Pembeni kabisa, kwa ndani, niliongeza herufi mbili za jina langu, ndogo kuliko punje ya ulezi, ili siku moja mtu mwenye kioo akiuliza nani aliandika, asikose jibu.