Taa ya Injini Imewaka na Uko Voi? Zijue Sensa za Moshi Kabla Hujauziwa Hewa

Kama ndai ya familia yenu ni Corolla, Premio, Wingroad au Probox iliyozaliwa kabla ya 2008, kuna uwezekano mkubwa ile taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini imeshakuwa mwanafamilia. Inawaka mkitoka Voi, inazimika Maungu, inarudi Mackinnon Road, na mzae anasema, "Hiyo achana nayo, gari si inatembea?" Inatembea, ndio. Lakini inabugia mafuta vibaya, na mara nyingi ngori inaanzia kwa kadude kamoja ka ukubwa wa kidole gumba kamefungwa kwenye bomba la moshi.

Hako kadude kanaitwa sensa ya oksijeni. Si ile sensa ya 2019 iliyohesabu watu 340,671 Taita Taveta. Hii inahesabu hewa tu, na inafanya kazi kila sekunde injini ikiwa moto.

Kazi yake ni gani huko chini?

Injini ya petroli inachoma vizuri ikipata karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta. Mafuta yakizidi, unaona moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Hewa ikizidi, injini inakohoa na kukosa nguvu. Sensa inacheki oksijeni iliyobaki kwenye moshi halafu inatumia kompyuta ya gari umeme kidogo. Karibu volti 0.9 maana yake mafuta yamezidi, karibu 0.1 maana yake hewa imezidi. Kompyuta inapunguza, inaongeza, inapunguza tena. Kwa hivyo sensa nzima haitulii, inaruka juu chini muda wote. Ikitulia sehemu moja, shuku.

Sensa ikikufa, kompyuta inabaki kipofu. Inaanza kukisia, na kawaida inakisia kwa kumwaga mafuta zaidi ili injini isizime. Hapo ndipo ile doh ya kwenda Mombasa na kurudi inaishia njiani.

Teknolojia yenyewe si mpya. Bosch waliitoa 1976 na Volvo wakawa wa kwanza kuifunga kwa gari za kuuza. Gari nyingi za familia siku hizi ziko na mbili. Ya kwanza iko karibu na injini na ndiyo inaamua mafuta. Ya pili iko nyuma ya katalitiki, ile chupa ya chuma inayosafisha moshi, na hiyo kazi yake kubwa ni kuchunguza kama katalitiki bado iko kazini. Ukijua hii tofauti umeshaokoa pesa, kwa sababu kuna fundi atakuuzia ya pili akisema itapunguza mafuta. Ya pili haigusi mafuta sana, buda.

Jambo lingine: sensa haisomi kitu hadi ifike joto la nyuzi 300 hivi. Ndiyo maana ndani yake kuna hita ndogo. Hita ikiungua, gari inakunywa vibaya asubuhi na kwenye safari fupi fupi, kama kutoka Sofia hadi soko la Voi na kurudi. Safari ndefu huoni shida.

Kwa nini huku kwetu zinachoka mapema

Kwanza, zinakuja zikiwa zimechoka. Kenya inaruhusu gari la mitumba lisilozidi miaka 8. Ndai ikishuka bandarini Mombasa na miaka saba, sensa imeshatembea kilomita zake zote za Japani. Sensa zenye hita huanza kuchoka zikikaribia kilomita 100,000 hivi, na zile za kizamani za waya moja mapema zaidi. Sasa piga hesabu ya gari ambayo mzae alinunua ukiwa darasa la nne.

Pili ni vumbi. Ule mchanga mwekundu unaopaka ndovu wa Tsavo rangi haubagui. Ukitoka lami pale Maungu kuelekea Kasigau, au ukizunguka nyuma ya Sagalla, unaingia kwa ea klina na, ikiwa ea klina ni mbovu au haijakaa vizuri, unafika kwa sensa ya hewa. Hiyo ni sensa tofauti, iko kwenye bomba kati ya ea klina na injini, na ina kawaya kembamba kama unywele. Kakivaa vumbi, kanaidanganya kompyuta kuhusu hewa iliyoingia. Matokeo yake ni sensa ya oksijeni kulia kila saa, na msee anabadilisha sensa ya oksijeni wakati mwenye makosa yuko mbele. Hii ndiyo kesi ya kawaida sana kwa gari za vumbini, na inauma kwa sababu kusafisha hako kawaya ni kazi ya dakika kumi.

Tatu ni milima. Voi iko chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300. Kupanda kutoka Mwatate na familia nzima, magunia nyuma na gia ya pili, kunaipa injini kazi nzito na moshi moto. Sensa iliyo sawa haishtuki. Iliyochoka, ama plagi iliyochoka, huanika aibu yake hapo kwenye kona.

Nne ni vitu tunavyoweka wenyewe. Injini inayokula oili inapaka sensa majivu. Maji ya rejeta yakivuja kupitia gasketi ya hedi, yanaua sensa. Silikoni ya kubandika ikiwekwa ovyo kwenye injini, mvuke wake unaiua pia, na hiyo haisafishiki. Petroli yenye risasi ilikuwa sumu yake kubwa, lakini Kenya iliachana nayo mwanzo wa 2006. Kilichobaki ni mafuta ya kuchanganya. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa 2018 kwa sababu hiyo hiyo ya watu kuchanganya. Petroli ya mtungi wa kando ya barabara, bei ya chini na hujui imetoka tanki gani, itakucheka baadaye.

Skana imesema nini hasa?

Huwezi kujua kwa kuangalia taa. Lazima namba isomwe. Na hapa ndipo wasee wengi huchomwa: skana haisemi "nunua kitu fulani". Inasema imeona nini. P0171 inasema hewa imezidi. Hiyo inaweza kuwa bomba la raba lililopasuka, sensa ya hewa chafu, pampu ya mafuta imelegea, au eksosi inavuja kabla ya sensa. P0135 inasema hita ya sensa ya kwanza iko na shida, P0141 hita ya ya pili. Hizo mbili ziko karibu na ukweli, lakini hata fyuzi ama waya iliyokatika inaweza kuzileta. P0420 inasema katalitiki haisafishi vizuri.

Tahadhari moja: gari nyingi za soko la Japani za kabla ya 2008 hivi ziko na soketi inayotoshea skana ya bei rahisi ya Bluetooth, lakini hazielewani lugha. Skana ikikataa si lazima iwe mbovu, na gari pia si lazima. Tafuta fundi mwenye mashine inayojua Toyota au Nissan za Japani. Toyota za kizamani zaidi zinasomwa kwa kuunganisha matundu mawili ya soketi na kuhesabu taa ikipepesa. Ikipepesa mbili kisha moja, yaani 21, ni sensa ya oksijeni. Ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu, kwa hivyo mwachie anayejua.

Taa ikiwaka tu bila kupepesa, una muda wa kupanga. Ikipepesa ukiendesha, ondoa mguu kwa mafuta na utafute pa kusimama. Hiyo ni silinda haichomi, na petroli mbichi inaingia kwa katalitiki ikiwa moto. Chupa hiyo inaweza kuwa nyekundu kabisa. Na usisimame juu ya nyasi kavu. Mwezi wa tisa kando ya Tsavo nyasi zimekauka hadi zinasikika zikivunjika, na moto ulioanzia chini ya gari hausubiri utafute maji.

Pima kwanza, nunua baadaye

Anza na vya bure. Fungua ea klina uone kama ni nyekundu. Ukiipuliza na hewa ya kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, na kama karatasi imetoboka itupe. Angalia mabomba ya raba, sikiliza sauti ya kunyonya, kagua eksosi kama kuna masizi kwenye maungio. Toa sensa ya hewa na uipulizie dawa yake maalum, si ya kabureta, na usiiguse na kidole wala kitambaa. Iache ikauke kabla ya kurudisha. Cheki plagi.

Bado taa? Sasa pima sensa yenyewe na mita ya umeme. Kwa sensa ya waya nne, zile mbili zenye rangi sawa ni za hita. Chomoa soketi, injini ikiwa baridi, pima kati yake. Hita nzima inaonyesha oms chache, kati ya 5 na 20 hivi kulingana na gari. Mita isipoonyesha kitu kabisa, hita imekatika na ubishi umeisha. Kisha rudisha soketi, pasha injini hadi joto la kazi, ishike kwenye mizunguko 2,500 na uangalie volti kwenye waya ya ishara. Kwa Toyota za kawaida inafaa iruke juu na chini mara nane au zaidi ndani ya sekunde kumi. Ikivuta polepole ama ikikwama, imezeeka. Gari zingine za baadaye zina sensa ya aina nyingine pale mbele ambayo haipimwi hivi, na soketi zake zinaweza kufanana kabisa. Usikubali moja ifungwe mahali pa nyingine. Nenda na namba iliyochapishwa kwenye ya zamani.

Kuna wanaokwambia uiloweke kwa petroli. Uchafu wa juu utatoka, ndani itabaki mzee yule yule. Sensa ya mitumba nayo ni kununua uchovu wa mtu mwingine. Sensa feki ziko nyingi pia, kwa hivyo omba risiti na mrudishaji aliye karibu, hata kama ni ghali kidogo kuliko ile ya kuletewa na basi.

Kuifungua unahitaji spana ya 22, mafuta ya kulegeza kutu na injini yenye joto kidogo, si moto wa kuunguza. Uzi ukikwama usilazimishe. Grisi ya uzi isiguse ncha.

"Toa tu katalitiki, gari itapumua"

Hii utaiambiwa, tena kwa ukarimu wa ajabu: atakutolea bure. Jua kwamba ndani ya hiyo chupa kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna watu wananunua. Wewe unabaki na bomba tupu, harufu ya petroli ndani ya gari, na taa ya P0420 isiyozimika. Kanuni za trafiki za Kenya hazitaki gari litoe moshi unaoweza kuzuiwa, na kuna kanuni za ubora wa hewa za 2014 chini ya sheria ya mazingira.

Shida kubwa zaidi ni maungio. Bomba likiunganishwa kwa haraka na kuvuja chini ya sakafu, kaboni monoksaidi inaingia ndani. Haina rangi wala harufu. Watoto wamelala kiti cha nyuma, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na kila mtu anadhani ni uchovu wa safari. Kichwa kikiuma kwa watu wawili ndani ya gari moja, fungua madirisha, simama, wote washuke.

Ukishabadilisha, futa namba za makosa au chomoa betri dakika chache ili kompyuta isahau hesabu zake za zamani, kisha iendeshe siku mbili tatu kabla ya kulaumu mtu. Jaza tanki pampu ile ile, andika kilomita, panda Wundanyi na ushuke, jaza tena. Hiyo namba yako mwenyewe itakuambia kama fundi alitengeneza ama alizima taa tu.