Hati ya Uhuru na Mahali pa Kwenda

Sisi tuliosoma Tanzania tulifundishwa kwamba biashara ya utumwa ilikomeshwa Zanzibar mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza na soko la Mkunazini likafungwa. Swali la mtihani liliishia hapo. Watoto wetu waliozaliwa hapa Uingereza nao wanafundishwa habari za Wilberforce na mwaka 1807, wanarudi nyumbani wakiamini mambo hayo yalikwisha zamani sana. Desemba hii, tunapokusanyika kuikumbuka tarehe 9 ya mwaka 1961, tumeona tuwasimulie sehemu ambayo masomo yetu yaliiruka.

Kilichopigwa marufuku mwaka 1873 ni kuwasafirisha watu baharini na kuwauza sokoni. Aliyekuwa mtumwa shambani au jikoni aliendelea kuwa mtumwa. Ilipita miaka 24 kabla Sultani Hamoud, kwa shinikizo la Waingereza, hajatoa amri ya Aprili 1897 kwamba mahakama hazitautambua tena utumwa. Hata amri hiyo haikumfungulia mtu mlango. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, tena aonyeshe kwamba ana mahali pa kuishi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Fidia alilipwa bwana. Masuria waliachwa nje: amri iliwahesabu kama wake wa mabwana zao, na mpaka mwaka 1909 hawakuweza kudai uhuru ila kwa kuthibitisha kwamba wanateswa.

Hebu tumfikirie mwanamke aliyeletwa Unguja akiwa mtoto kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Hana ndugu, hana shamba, na lugha ya kwao ameshaisahau. Aambiwe na hakimu aonyeshe nyumba yake, ataonyesha ipi? Ndiyo maana wengi walibaki palepale, wakapatana na mabwana zao kuwafanyia kazi siku kadhaa kwa wiki ili wapate kipande cha ardhi cha kulima. Wengine walitoka wakaenda mjini, Ng'ambo, na hao walijitambulisha kwa mavazi. Kaniki lilikuwa vazi la watumwa na wanyonge; wanawake walioachwa huru waliivua wakajinunulia kanga. Binti zetu mnaolalamika kila mwaka kwamba kanga zinawadondoka ukumbini, fahamuni kwamba kuna mwanamke aliyeivaa yake ili watu wajue hana bwana.

Bara mambo yalichelewa zaidi. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Waliagiza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kutoka hapo hadi bendera yetu kupandishwa ni miaka 39. Bila shaka usiku ule wa Uhuru walikuwepo wazee waliozaliwa utumwani, wakishangilia pamoja na wengine.

Siku inayofuata sherehe yetu, tarehe 10 Desemba, ni Siku ya Haki za Binadamu, kwa sababu ya Tamko la mwaka 1948. Kifungu chake cha 4 kinakataza utumwa wa kila namna. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na Uingereza ina Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya mwaka 2015, yenye adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Hati zipo. Tunarudi kwenye swali la Unguja: anayeonewa akitoka, ataelekea wapi?

Mfano ni watumishi wa nyumbani wanaoletwa hapa na waajiri wao. Tangu mwaka 1998 waliruhusiwa kumwacha mwajiri mbaya na kutafuta mwingine. Aprili 2012 ruhusa hiyo ikaondolewa. Ukimkimbia aliyekuleta, umeikimbia na viza yako. Mwaka 2016 ikarudishwa nusu: unaweza kuhama mwajiri, lakini ndani ya miezi sita ileile ya viza. Nani atakuajiri kwa wiki saba zilizobaki? Nao wanaotunza wazee kwa viza za udhamini, ambao wamejaa katika jumuiya yetu, wanajua kwamba mwajiri akinyang'anywa leseni, kwa kawaida wanapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au wafungashe virago. Mtu mwenye siku 60 anavumilia mengi.

Haya si ya watu wa mbali. Mwaka 2011 mahakama ya London ilimtia hatiani mwajiri aliyemleta mwanamke Mtanzania kumtumikisha nyumbani kwake. Hukumu ilikuwa kifungo cha miezi tisa kilichoahirishwa na fidia ya pauni 25,000. Safari hii, angalau, fidia haikwenda kwa bwana.

Sisi wauguzi tumewaona wengine ambao hawakufika mahakamani. Tunamkumbuka binti mmoja aliyeletwa na mama wa heshima, wa kwetu kabisa, aliyejitambulisha kama shangazi yake. Kila tulipomuuliza binti, shangazi alijibu. Mikono ilikuwa imebabuka kwa dawa za kusafishia. Tulipopata dakika tano naye peke yake, tukimpima uzito, tulimsalimu kwa Kiswahili na kumwuliza pasi yake ya kusafiria iko wapi. Akasema, "Anaitunza shangazi." Tukamweleza kwamba anaweza kusaidiwa. Akauliza, "Nikitoka kwake, nitalala wapi leo?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tuliwaita wahusika wa ulinzi wa wagonjwa, kama utaratibu unavyotaka, lakini mtu mzima hapelekwi kwenye mpango wa serikali wa kuwatambua waathirika bila ridhaa yake, na yeye aliogopa. Aliondoka na shangazi. Bado tunajilaumu.

Tangu hapo baadhi yetu tumekubaliana mambo machache. Mgeni wa namna hiyo asitafsiriwe na aliyemleta. Tuitwe sisi au mkalimani wa hospitali. Nyumba tatu za wanajumuiya zina kitanda kilichotandikwa, na atakayelala hapo hataulizwa kodi wala maswali usiku wa kwanza. Na katika vikao vyetu tumeacha kumsifu mtu kwa "kumsaidia mtoto wa kijijini" kabla hatujamsalimia mtoto mwenyewe, tukajua anasoma wapi, analipwa nini, na pasi yake anaishika nani. Wapo waliokasirika. Mama mmoja alituambia tunaingilia mambo ya ndani ya nyumba za watu, nasi tukamjibu ndiyo, mama, tunaingilia.