Uganga, Sheria na Uvimbe wa Titi katika Nchi ya Wazigua

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, Masuguru ikiwamo, mwanamke aonaye uvimbe katika titi lake haamui peke yake apelekwe wapi. Shauri hilo ni la jamaa: mume, mama mzazi, wajomba, mashangazi. Nao tangu kale wana swali lao la kwanza: je, haya ni maradhi ya Mungu au ni mkono wa mtu? Maradhi ya Mungu hutibiwa kwa mizizi na majani, na siku hizi kwa sindano. Mkono wa mtu hutaka ramli. Wasambaa wa milimani na Wazigua wa mabondeni hawatofautiani sana katika jambo hili. Sisi hatulidharau, kwani ndani yake mna desturi njema ya kutomwacha mgonjwa peke yake.

Lakini saratani ya titi ina hila. Uvimbe wake mara nyingi hauumi hapo mwanzo, na kisichouma ni vigumu kukiita maradhi. Basi hubandikwa majani yaliyopondwa, mgonjwa hunyweshwa maji ya mizizi, na watu hungoja. Kidonda kifunguapo ndipo ramli hupigwa. Hospitali huja mwisho. Wagonjwa wengi wa Tanzania hufika kwa daktari ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Tusiwatwike waganga lawama yote. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani katika miaka ya 1890 na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa mahali pekee nchini pa kutibiwa kwa mionzi. Na kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Nauli nayo ni maradhi.

Kuna jambo jingine, nalo ni usiri. Mwaka 1928 serikali ya Kiingereza ilitunga Sheria ya Uchawi. Ilikusudiwa kumwadhibu mchawi, lakini machoni pa wageni wengi tunguri la mganga na la mchawi lilikuwa moja. Watu wakajifunza kuficha. Aliyefika zahanati hakusema alichokwisha kunywa nyumbani, na aliyesema aliambulia karipio. Bendera ilibadilika mwaka 1961. Mazoea hayo hayakushuka pamoja nayo. Hasara yake ni kubwa, maana baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za saratani au hudhuru ini, na daktari hawezi kujihadhari na asichoambiwa.

Taifa huru lilijaribu njia nyingine. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilikuwa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hapo kati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waganga na madaktari wa mkoa wa Tanga walikwisha kukaa pamoja kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, bila kungoja sheria hiyo.

Asemaye kwamba mizizi ya pwani haina kitu hana budi kuitazama Shimba Hills, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wadigo ambao wako Tanga pia. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walichukua huko tani 27 hivi za mmea uitwao Maytenus buchananii, wakitafuta dawa ya saratani. Kiini chake, maitansini, kilionekana kuwa sumu kali mno, na majaribio yakaachwa. Baadaye wataalamu walikifungamanisha na kingamwili iwezayo kukifikisha kwenye chembe za saratani zenyewe, na mwaka 2013 dawa hiyo ikakubaliwa Marekani kwa aina moja ya saratani ya titi. Kiini hicho sasa hupatikana kwa kuvundika vijidudu viwandani, wala hakitafutwi tena katika magome. Mmea wenyewe ukichemshwa chunguni ungali na sumu ile ile, na hakuna ajuaye kikombe kimoja kimebeba kiasi gani.