Habari ya Mshale wa Njia Katika Michezo ya Mtandaoni

Mgeni anayeshuka teksi pale Nateete, kwenye barabara kuu itokayo Kampala kwenda Masaka, akiwa anaitafuta nyumba ya sahibu yake aliyehamia majuzi, hapotezi wakati kutazama kuta akitaraji kuona jina la mtaa na nambari ya nyumba, bali humwendea mwendesha boda wa steji iliyo karibu, akamwamkia kwanza kama ipasavyo, kisha akauliza, akaambiwa apite soko, akate kushoto kwenye mashine ya kusaga, na afikapo hapo aulize tena. Maelekezo hayo hayamfikishi mlangoni. Humfikisha kwa mtu, na mtu huyo humfikisha kwa mwingine, hata anapobisha hodi huwa ameshajulikana na nusu ya mtaa. Nimeyatanguliza haya kwa kuwa taarikhi ninayoikusudia, yaani habari ya michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa na halaiki ya watu kwa njia ya intaneti, kwa sehemu kubwa ni taarikhi ya namna maarifa haya ya kuuliza yalivyostawi humo, yakafifia, na sasa yanatafutwa tena kwa juhudi na kwa gharama.

Nateete yenyewe ina kumbukumbu ya safari za namna hiyo. Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyetumwa na Church Missionary Society, alishuka Unguja mwaka 1876, lakini hakuwasili Buganda hadi Novemba 1878, na makao yake yakawa hapa, mahali palipoandikwa zama zile Natete. Misafara ya bara ya siku hizo ilitanguliwa na kirangozi, mtu wa pwani au wa Unyamwezi aliyezijua njia, visima na desturi za kila mtawala ambaye msafara ungepita kwake. Na elimu yake hiyo haikuwamo katika ramani yoyote ya Mzungu, kwani kujua kisima kilipo si sawa na kujua ni nani wa kuombwa ruhusa ya kuteka maji.

Miaka mia baada ya Mackay kufika Nateete, mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza, na mwenziwe Richard Bartle akaendeleza, mchezo ulioitwa MUD, ambao ndio asili ya ukoo huu mzima. Hapakuwa na picha hata moja: mchezaji aliandika kwamba anakwenda kaskazini au mashariki, na kompyuta ikamjibu kwa maneno, ikimweleza bonde, njia au chumba alichoingia, naye asiyependa kupotea alijichorea ramani kwa kalamu yake mwenyewe. EverQuest, uliotolewa Machi 1999, ulileta picha na maelfu ya wachezaji, walakini haukuleta ramani. Badala yake ulimpa kila mtu ustadi wa kuhisi dira, ambao ulikua kwa kutumiwa, na aliyekuwa bado mchanga aliweza kusimama katikati ya msitu, akajiuliza ameelekea wapi, na mchezo ukamjibu bila huruma kwamba hana habari. Ramani za ndani ya mchezo zilikuja mwaka 2003.

Kisha ikaja World of Warcraft, Novemba 2004, na hapo ndipo kisa chenyewe kinaponoga. Mchezo huo ulikuwa tayari na alama ya mshangao, ya rangi ya manjano, juu ya kichwa cha kila mwenye kazi ya kutoa, lakini kazi yenyewe ilielezwa kwa maandishi, na aliyepewa alipaswa kuyasoma na kuyatafakari. Katika nyika pana iitwayo Barrens alisimama shujaa mmoja, jina lake Mankrik, akiwaomba wapitao wamtafutie mkewe aliyepotea vitani. Na kwa kuwa maelezo aliyoyatoa yalikuwa machache na nyika ilikuwa kubwa, wachezaji kwa maelfu, mchana na usiku, kwa miaka, waliulizana katika gumzo la eneo lile: mke wa Mankrik yuko wapi? Wako waliojibu kwa wema, wako waliokebehi, wako waliodanganya, na wako waliosema nifuate nikuonyeshe. Wengi waliocheza siku zile hawakumbuki tena thawabu waliyopewa kwa kazi hiyo, lakini wanalikumbuka gumzo lile, kwa maana ndilo lililoifanya nyika iwe nchi yenye watu.

Desemba 2009 watengenezaji wa mchezo huo walitia ndani yake kile ambacho programu za nyongeza zilikuwa zimeshaanza kukifanya, nayo ramani ikaonyesha yenyewe mahali pa kila kazi. Yafaa tuwe waadilifu: lile lilikuwa tendo la rehema. Mtu aliyetoka kazini amechoka, mwenye saa moja tu ya kucheza, hakuona fadhila yoyote ya kuizunguka nyika akitafuta maiti ya mke yule. Na kwetu Kampala, ambako dakika za mkahawa wa intaneti zililipiwa na leo bando linalipiwa, kupotea ni hasara inayohesabika kwa shilingi. Tena yatupasa kukumbuka kwamba waya wa SEACOM ulipita chini ya bahari na kuanza kazi Mombasa Julai 2009, miezi michache tu kabla ya badiliko hilo, hivyo vijana wengi wa upande wetu waliingia katika ulimwengu huu mlango ukiwa tayari umebandikwa mshale, na hawakupata kuonja zama za kuuliza.

Waliozionja walizidai, na Agosti 2019 mchezo ule ukafunguliwa upya katika sura yake ya kale, kwa jina la Classic, bila alama za kazi kwenye ramani. Likatukia jambo la kuzingatiwa: umati wa wachezaji, katika siku zile zile za mwanzo, ukatafuta programu ya nyongeza iitwayo Questie na kuurudisha mshale kwa mikono yao wenyewe. Kwa maoni yangu hapo pana hoja ambayo wapenzi wa skrini tupu, isiyo na alama za njia, huipita upesi mno. Kuufuta mshale ni kazi ya mchana mmoja. Kazi nzito ni kukijaza kile ulichokuwa ukikifanya.

Tena sikubali kwamba mtu huzama katika kisa pale tu anapoachwa bila msaada. Jirani na Nateete, katika mtaa wa Wakaliga, ndiko Isaac Nabwana alikotengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex mwaka 2010, na filamu hiyo imejulikana duniani pamoja na sauti ya VJ Emmie, anayesema juu yake tangu mwanzo hadi mwisho, akifasiri, akionya, akishangilia. Katika vibanda vya video vya Uganda VJ huongoza kuliko mshale wowote, na hakuna mtazamaji anayelalamika kwamba ametolewa ndani ya kisa, maana mwongozaji ni mwenyeji, anacheka na kushtuka pamoja naye. Kinachomtoa mtu ni mwongozo usio na mwenyewe, mstari uliochorwa angani na yeyote asiyeishi katika nchi ile.

Mchezo wa Elden Ring, wa mwaka 2022, umekaribia sana mwongozo wenye mwenyewe. Mchezaji huacha ujumbe ardhini, ulioungwa kwa maneno yaliyowekwa tayari, na mwingine asiyemjua huukuta katika ulimwengu wake, akaonywa juu ya shambulio au akadanganywa aruke shimoni. Na msomaji akiusifu ujumbe ule, aliyeuandika, popote alipo, hurudishiwa afya yake, pengine katikati ya pigano.

Kijana wa Nateete atakayeandika mchezo wa aina hii, nami natamani apatikane, asianze na ramani. Aanze na mwendesha boda aliyekaa stejini, mwenye kuijua njia mpaka Busega na si zaidi, mwenye kujibu vizuri akiamkiwa na kwa ufupi asipoamkiwa, na ambaye, akiulizwa habari za ng'ambo ya huko, atamtaja mtu wa kwenda kuulizwa.