Unasaji wa chembe

nomino, ngeli ya U. Nyanja: fizikia, uhandisi, afya ya kazini.

Maana

1. Kitendo cha kuziondoa chembe za yabisi au vitone vidogo katika hewa, gesi au kimiminika kwa kuzifanya zishikamane na kitu kingine.
2. (fizikia ya nyuklia) Tukio ambalo kiini cha atomu hupokea chembe, kama vile nyutroni au elektroni, na kubaki nayo.

Asili ya neno

Nomino hii imetokana na kitenzi nasa, kama usomaji ulivyotokana na soma. Nasa ina udugu na nata, kama takasa ilivyo na takata: kinachonaswa kimefanywa kinate. Mtego hunasa, ulimbo nao hunasa ndege bila ya kuwa na tundu wala mlango. Kiswahili kimekwisha kulipeleka neno hili kwenye ufundi katika kinasasauti.

Kunasa na kuchuja

Wafasiri wengi huandika kuchuja mahali pa kunasa. Kuchuja huleta picha ya chujio la chai au chekecheke: kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki, kilicho kidogo hupita. Kichujio cha hewa hakifanyi kazi hivyo. Nafasi zilizo baina ya nyuzi zake kwa kawaida ni kubwa kuliko chembe nyingi zinazonaswa. Chembe nzito hushindwa kupinda pamoja na mkondo wa hewa, zikaugonga uzi. Za wastani huugusa uzi zinapopita kando yake. Ndogo kabisa husukumwasukumwa ovyo na molekuli za hewa hata zikaukuta. Zikiisha kugusa, hunata. Ndiyo maana chembe zilizo ngumu zaidi kunaswa si zile ndogo kuliko zote, bali zile za karibu mikromita 0.3. Kichujio cha daraja la HEPA hupimwa kwa ukubwa huo, nacho hutakiwa kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe hizo. Basi kifaa chaweza kuendelea kuitwa kichujio, kwa kuwa jina limezoeleka. Lakini kazi yake ielezwe kwa kitenzi nasa.

Tofauti hii si ya mapambo. Barakoa ya N95 ina nyuzi zilizotiwa chaji ya umeme ili kuvuta chembe. Ikioshwa kwa sabuni au kuloweshwa kwa alkoholi, chaji hupotea. Msomaji aliyeambiwa kuwa barakoa “huchuja” ataitazama, aione haina tundu, naye aivae tena kwa imani. Aliyeelezwa kuwa “hunasa” ana sababu ya kuuliza kama bado inanasa.

Viwandani

Katika viwanda vya saruji na vituo vya umeme wa makaa ya mawe hutumika kinasavumbi cha umeme, ambacho Frederick Cottrell alikipatia hataza nchini Marekani mwaka 1908. Chembe za vumbi hupewa chaji, kisha huvutwa na mabamba yenye chaji ya kinyume. Mabamba hugongwa mara kwa mara ili vumbi lianguke chini na kuzolewa.

Katika fizikia ya nyuklia

Urani-238 ikinasa nyutroni huwa urani-239, ambayo baadaye hugeuka neptuni-239, kisha plutoni-239. Tukio hili lisichanganywe na mpasuko, ambamo kiini huvunjika vipande.

Katika unasaji wa elektroni, kiini hunasa elektroni ya atomu ile ile. Protoni moja hugeuka nyutroni, na elementi hubadilika. Hivyo ndivyo sehemu ya potasiamu-40 inavyokuwa argoni-40, na juu ya badiliko hilo hujengwa njia ya kukadiria umri wa miamba ya volkano. Mwaka 1961 njia hiyo iliyapa matabaka ya Olduvai, nchini Tanzania, yalimopatikana fuvu la Zinjanthropus, umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Mfasiri aangalie: elektroni hunaswa na kiini, lakini argoni hufungiwa ndani ya jiwe lililopoa. Kutumia nasa kwa yote mawili huficha mabadiliko mawili tofauti.

Maneno ya kutenganishwa

Kamata na teka hudokeza mtendaji mwenye nia. Chembe haina anayeiwinda. Fyonza hufaa kitu kinapoingia ndani ya kingine, kama maji katika sifongo; kilichonaswa huweza kubaki juu tu.

Mifano

Mabamba yaliyojaa vumbi hupunguza unasaji wa chembe.
Kiini kilichonasa nyutroni hutoa nishati kwa umbo la miali ya gama.

Tazama pia: chaji, chembe, kinasavumbi, mpasuko, nata.